Kiu ya Mti na Joto la Jani: Umwagiliaji wa Miti ya Matunda Ukitazamwa kutoka Mwambao wa Ujiji

Kupanga siku ya kumwagilia miti ya matunda kwa kupima joto la majani yake ni mbinu iliyokomaa katika nusu ya pili ya karne ya 20. Msingi wake ni rahisi. Mti huvuta maji ardhini na kuyatoa kama mvuke kupitia vitundu vidogo vya majani viitwavyo stomata, na kila kilo ya maji inayogeuka mvuke huondoka na takriban megajuli 2.4 za joto. Jani hupoa kama yanavyopoa maji ndani ya mtungi wa udongo unaotoa jasho. Maji yakipungua kwenye mizizi, stomata hufumba, mvuke hupungua, na jani lililo juani hupanda joto kabla halijanyauka wala kugeuka rangi. Mwenye kipimo cha joto hilo hutambua kiu ya mti mapema kuliko mwenye kutegemea macho.

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kigoma na Ujiji kwenda kaskazini na kusini, historia ya mbinu hii hugusa miti miwili isiyofanana kabisa kwa tabia. Mwembe hutaka kiangazi ili uchanue. Mchikichi hutaka maji mwaka mzima, na ukiyakosa hutoza deni lake miaka miwili baadaye.

Miti na mahali pake, 1858 hadi 1878

Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji Februari 1858 wakifuata njia ya misafara kutoka pwani. Burton aliorodhesha mazao aliyoyakuta, na michikichi na mafuta ya mawese yalikuwa miongoni mwake. Kipimajoto nacho kilifika na msafara huo, ingawa kwa kazi nyingine: wasafiri hao walipima joto la maji yanayochemka ili wakadirie kimo cha ziwa juu ya bahari. Jibu walilolipata, karibu futi 1,850, lilikuwa pungufu mno, kwani ziwa liko mita 770 na ushei, yaani zaidi ya futi 2,500. Kosa la digrii moja hivi katika kipimajoto liliwagharimu mamia ya futi. Watakaopima majani karne moja baadaye watakutana na tatizo lilelile kwa sura nyingine, kwa kuwa nao hutafuta tofauti ya digrii mbili tatu tu.

Mchikichi ni mti wa Afrika Magharibi na misitu ya Kongo, na mwambao wa mashariki wa Tanganyika uko karibu na ukingo wa eneo lake la asili. Hapo haukuota popote palipo wazi. Ulishika mabonde, kingo za vijito na nyanda za chini karibu na ziwa, mahali ambapo mizizi hufikia unyevu hata mwezi wa Agosti. Mwembe ulikuja na watu. Ulitoka Asia, ukapita pwani ya Waswahili, ukaingia bara pamoja na misafara ya pembe na watumwa, na Tabora na Ujiji ikawa miji ya miembe. Simulizi mashuhuri ya Henry Morton Stanley kukutana na David Livingstone mjini Ujiji, Novemba 1871, huwekwa chini ya mwembe, na miembe iliyopo leo kwenye eneo la kumbukumbu hutajwa kuwa uzao wa mti huo.

Ziwa lenyewe lilikuwa likihama. Verney Lovett Cameron, aliyefika mwaka 1874, aliuona mto Lukuga upande wa Kongo ukiwa mlango wa kutokea maji, lakini umezibwa na majani na tope. Kina kiliendelea kupanda hadi kizuizi hicho kilipobomoka mnamo 1878. Mwaka huohuo Edward Hore wa London Missionary Society alianza makazi yake Ujiji, akafuatilia jinsi maji yalivyorudi nyuma. Ndani ya miaka 15 hivi ziwa lilishuka kwa takriban mita 10. Ardhi iliyokuwa chini ya maji ikawa mashamba, na eneo la kumbukumbu ya Livingstone sasa liko mbali na ufuko.

Katika kipindi hicho chote swali la umwagiliaji lilikuwa limejibiwa na mahali penyewe. Mti wenye kiu ulikaa bondeni, mti mvumilivu ulikaa mlimani na mitaani.

Kipimamvua, 1890 hadi 1945

Utawala wa Kijerumani ulileta vituo vya kupimia mvua, na reli ya kati ikafika Kigoma mwaka 1914. Bandari mpya iliizidi Ujiji kibiashara. Waingereza waliunda idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki mwaka 1929, na kadiri rekodi zilivyorundikana picha ikawa wazi: Kigoma hupata karibu milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, nyingi zikianguka kati ya Novemba na Aprili, huku Juni, Julai na Agosti zikipita karibu bila tone.

Kwa mwembe ratiba hiyo ni nzuri. Ukavu na ubaridi kidogo wa katikati ya mwaka huusimamisha mti usitoe majani mapya, na kusimama huko ndiko kunakouandaa kuchanua. Mchikichi huhesabu vingine. Hustawi penye milimita 1,800 hadi 2,000 zilizotawanyika mwaka mzima, na Kigoma haina nusu ya pili ya kiasi hicho.

Ng'ambo ya ziwa, katika Kongo ya Wabelgiji, kituo cha utafiti cha Yangambi kilikuwa kikichunguza aina za michikichi. Mwaka 1941 A. Beirnaert na R. Vanderweyen walieleza kwamba tenera, yenye kokwa la ganda jembamba na nyama nyingi ya mafuta, ni chotara wa dura yenye ganda nene na pisifera isiyo na ganda. Ugunduzi huo ndio msingi wa mbegu zote za kibiashara za leo. Kigoma iliendelea kwa muda mrefu na dura ya kienyeji. Mafuta yake ni machache kwa kila mkungu, lakini imezoea kiangazi cha huko na gharama yake kwa mkulima ni ndogo. Tenera ilipokuja, ilikuja na matarajio makubwa ya mavuno na, pamoja nayo, mahitaji makubwa ya maji.

Hesabu ya hewa na udongo, 1948 hadi 1972

Kipimamvua hueleza kilichoshuka. Kilichopanda kurudi angani kilikosa kipimo cha kuaminika hadi mwaka 1948, Howard Penman wa Rothamsted, Uingereza, alipochapisha kanuni ya kukadiria uvukizaji kwa jua, upepo, joto na unyevu wa hewa. Mwaka huohuo lilianzishwa shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, ambalo makao yake yakawa Muguga karibu na Nairobi, na Muguga ikawa mojawapo ya mahali ambapo hesabu ya Penman ilijaribiwa kwa bidii katika nchi za joto. H. C. Pereira alitangaza mwaka 1957 matokeo ya kupima matumizi ya maji ya kahawa nchini Kenya ili yatumike kuongoza umwagiliaji. J. S. G. McCulloch alitoa mwaka 1965 majedwali yaliyorahisisha hesabu kwa mtu asiye na mashine ya kukokotoa, na T. Woodhead akaandaa mwaka 1968 takwimu za uvukizaji kwa ajili ya Tanzania.

Upande wa michikichi, mtafiti Mfaransa C. Surre alipendekeza mwaka 1968 hesabu ambayo mashamba ya Afrika Magharibi yaliitumia kwa miongo. Mwezi wenye siku zisizozidi 10 za mvua huhesabiwa kuwa mti unahitaji milimita 150. Mwezi wenye siku nyingi zaidi za mvua huhesabiwa milimita 120. Udongo huchukuliwa kuwa na akiba isiyozidi milimita 200. Hesabu hiyo ikipelekwa Kigoma, Juni hadi Septemba hudai milimita 600. Ukiondoa akiba yote ya udongo, na ukaachia mvua chache za mwishoni mwa Septemba, pengo hubaki karibu na milimita 400. Wataalamu wa michikichi hukadiria kwamba kila milimita 100 za pengo hupunguza mavuno kwa asilimia 10 au zaidi. Ndiyo maana mchikichi wa bondeni, wenye maji ya chini ya ardhi yasiyoingia katika hesabu ya Surre, haufanani kwa mavuno na mwenzake wa mteremkoni hata ukitoka kitalu kimoja.

Adhabu ya ukavu kwa mti huu huchelewa. Ua la mchikichi huamuliwa kuwa la kiume au la kike miaka miwili hivi kabla ya mkungu kuvunwa, na mti wenye kiu huelekea kwenye maua ya kiume. Dalili ya nje ni majani machanga yanayobaki yamefungika kileleni kama mikuki. Mkulima akiiona mikuki mitatu minne haijafunguka, uamuzi ndani ya mti umekwisha kupita, na mikungu itakayokosekana itamshangaza katika mwaka ambao huenda mvua yake ilikuwa njema.

Hesabu za hewa na udongo zilikuwa na upungufu mmoja wa wazi: zilimkadiria mlaji bila kumuuliza. Kina cha mizizi hutofautiana, udongo hubadilika ndani ya hatua ishirini, na kimwagilio kilichoziba hakionekani katika jedwali. Katika miaka hiyo watafiti wakaanza kupima mmea wenyewe. Huko Mufindi, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, Michael Carr alitumia chombo cha shinikizo kupima hali ya maji ndani ya mchai na kutoa matokeo yake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Chombo hicho husema kweli, lakini kila jani lililopimwa ni jani lililokatwa, na asubuhi nzima haitoshi kumaliza shamba dogo.

Jani lapimwa bila kuguswa, 1800 hadi 1977

William Herschel alitambua mwaka 1800, kwa kuweka vipimajoto kando ya rangi za mwanga wa jua, kwamba kuna mionzi isiyoonekana inayobeba joto. Mionzi hiyo, infraredi, hutoka katika kila kitu, na wingi wake hutegemea joto la kitu hicho. Ilichukua zaidi ya karne na nusu kabla ya kuelekezwa kwenye mazao. Kabla ya hapo wachunguzi walichomeka nyaya nyembamba za kupimia joto ndani ya jani mojamoja. E. C. Miller na A. R. Saunders walifanya hivyo Kansas, Marekani, na kuchapisha mwaka 1923. Jani moja, hata hivyo, haliwakilishi mti: lililo kivulini na lililo juani hupishana kwa digrii kadhaa.

Mnamo 1962 John Monteith na G. Szeicz walipima joto la uso mzima wa mimea kwa mionzi yake, na mwaka uliofuata Champ Tanner wa Chuo Kikuu cha Wisconsin akaeleza kwamba joto la mimea linaweza kutofautisha zao lililomwagiliwa na lisilomwagiliwa. Vyombo vilikuwa vizito na ghali. Katika miaka ya 1970 vilipungua hadi kushikika kwa mkono mmoja, na hapo utafiti ukashika kasi.

Phoenix na kielezo cha kiu, 1977 hadi 1990

Mji wa Phoenix, Arizona, uko jangwani, na maabara ya serikali ya Marekani ya kuhifadhi maji iliyokuwa huko ilikuwa na kila sababu ya kuthamini tone. Sherwood Idso, Ray Jackson na Robert Reginato walianza na ngano. Mwaka 1977 walipendekeza kujumlisha, siku baada ya siku, tofauti kati ya joto la kanopi, yaani majani yote ya zao kwa pamoja, na joto la hewa mchana. Kanopi ikiwa baridi kuliko hewa, zao linakunywa. Jumla ikianza kupanda, muda wa kufungulia maji umefika.

Hesabu hiyo ya kwanza ilifanya kazi Phoenix na kuyumba kwingine. Siku yenye hewa nyevu, mvuke hutoka kidogo hata kwenye mti uliolowana, na jani huwa na joto bila kuwa na kiu. Mwaka 1981 kundi hilohilo lilileta suluhisho linalotumika hadi sasa. Idso alionyesha kwamba kwa zao lenye maji ya kutosha, tofauti ya joto la jani na la hewa hufuata mstari ulionyooka kadiri hewa inavyokauka. Jackson akaufikia mstari huo kwa njia ya fizikia ya jua, upepo na mvuke. Kwa hiyo kila siku ina mipaka miwili: wa chini, wa mti unaokunywa bila kizuizi, na wa juu, wa mti uliofumba kabisa. Kielezo cha kiu ni mahali kipimo kilipoangukia kati ya mipaka hiyo, kuanzia 0 hadi 1. Tuseme siku fulani mti ulioshiba ungekuwa digrii 2 chini ya hewa, uliokauka ungekuwa digrii 4 juu, na mti unaopimwa uko digrii 1 juu. Umepanda digrii 3 kati ya 6, na kielezo chake ni 0.5.

Kielezo husema lini. Hakisemi kiasi gani. Kiasi bado hutoka katika hesabu za Penman na wenzake, na katika kuujua udongo. Baadhi ya walioipokea mbinu hii kwa shauku waliusahau ukweli huo, wakarudi kulalamika kwamba kipimo kimewadanganya.

Kutoka ngano hadi miti, 1990 hadi 2013

Miti ya matunda ilikuwa migumu kuliko ngano. Kanopi yake ina mashimo, na udongo mkavu unaochungulia kati ya matawi huwa na joto la kutisha saa saba mchana, ukachafua kipimo chote. Majani yaliyo wazi kwa upepo hukaribiana na joto la hewa, kwa hiyo umbali kati ya mti ulioshiba na wenye kiu hupungua. Hatimaye kuna urefu: anayesimama chini ya mwembe huona upande wa kivuli, na kinachotakiwa ni majani ya juu yaliyo juani.

Hamlyn Jones wa Uingereza alipendekeza mwaka 1999 njia ya kukwepa hesabu ndefu za hali ya hewa. Kando ya majani yanayopimwa huwekwa sehemu mbili za kulinganishia, moja iliyoloweshwa na nyingine iliyozibwa isitoe mvuke, zikiwa katika jua na upepo uleule. Mpaka wa chini na wa juu hupimwa papo hapo. Katika mazingira yasiyo na kituo cha hali ya hewa karibu, hiyo ni nafuu kubwa.

Mwaka 2008 Luca Testi na wenzake walionyesha kwamba kielezo hicho hufuata vizuri kiu ya mipistachio. Watafiti wa Córdoba, Hispania, akiwamo Pablo Zarco-Tejada, wakapandisha kamera za joto kwenye ndege ndogo zisizo na rubani, wakachora mwaka 2009 ramani za kiu za mashamba ya mizeituni. Mwaka 2013 Victoria González-Dugo alitumia ndege kama hizo katika mkoa wa Murcia juu ya shamba la biashara lenye milozi, miaprikoti, mipichi, milimau na michungwa. Kutoka juu, udongo unaweza kutengwa na jani katika picha, na kila mti ukapata namba yake. Ramani hizo zilifichua jambo ambalo mkaguzi wa ardhini angelikosa: shamba linalomwagiliwa kwa ratiba moja huwa na miti iliyoshiba na miti yenye kiu safu kwa safu.

Kigoma tangu 2018

Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliongoza kampeni ya kufufua michikichi mkoani Kigoma, wakati ambapo zaidi ya nusu ya mafuta ya kula ya Tanzania yalikuwa yakiagizwa kutoka nje. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania ilikifanya kituo chake cha Kihinga kuwa kitovu cha utafiti wa zao hilo, na uzalishaji wa miche ya tenera ukaanza. Gereza la Kwitanga na kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa cha Bulombora ni miongoni mwa taasisi zilizohusika. Miche katika vitalu hunyweshwa mara kwa mara. Ikishahamishiwa shambani, mingi hutegemea mvua.

Upanuzi huo uliutoa mchikichi mabondeni. Miteremko na nyanda za juu ambazo wazee waliziachia mihogo na miembe sasa zina tenera, na pengo la milimita 400 halizibwi tena na maji ya chini ya ardhi. Ziwa liko karibu, lakini ukaribu wa jicho si ukaribu wa maji. Milimita moja kwenye hekta moja ni lita 10,000, na kuziba pengo lote kwa hekta moja hudai lita milioni 4 zipandishwe kwa pampu kutoka ufukoni. Ikiwa maji machache ndiyo yatakayopatikana, thamani yake hutegemea siku ya kuyatoa, na hapo ndipo joto la jani huingia katika hesabu.

Kiangazi cha Kigoma kinaifaa mbinu hiyo kuliko masika yake. Juni hadi Agosti anga ni safi, hewa ni kavu, na umbali kati ya mipaka miwili ya kielezo hutanuka. Kipimo huchukuliwa mchana jua likiwa juu, kwenye majani yaliyo mwangani, na kulinganishwa na miti michache iliyonyweshwa kwa makusudi. Mchikichi mchanga hupimwa na mtu aliyesimama ardhini. Uliokwisha kurefuka hutaka mlingoti au droni. Kwa mwembe namba ileile husomwa kinyume: kabla ya kuchanua, kielezo kilichopanda kiasi ni hali ya kuachwa ilivyo, na maji hurudishwa matunda yakishashika.

Kuanzia Julai 2018 chombo cha NASA kiitwacho ECOSTRESS, kilichofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, hupima joto la mimea duniani, Afrika ya kati na mashariki ikiwamo, na takwimu zake hutolewa bure. Kipande chake kimoja cha picha kina upande wa takriban mita 70, yaani karibu nusu hekta. Kwa shamba kubwa la taasisi, vipande kadhaa hutosha kuonyesha upande unaokauka kwanza. Kwa mkulima mdogo wa kando ya Ujiji, kipande kimoja huchanganya michikichi yake na mihogo ya jirani, njia ya miguu na mabati ya nyumba, na kipimajoto cha infraredi cha kushika mkononi humpa jibu sahihi zaidi.